Dawa zenye mwenyewe

Mama yangu ana wembe usionyoa nywele wala kukata kucha. Anauviringisha kwenye kipande cha kanga kuukuu na kuuweka juu ya kabati, pembeni ya kopo la Blue Band lenye dawa zake za presha. Kila usiku akishaswali Isha huketi mkekani, akageuza kisosi, akalaza kidonge kimoja kwenye kitako chake na kukikata katikati. Nusu anameza. Nusu inarudi koponi kungoja kesho. Siku kidonge kikivunjika vibaya, anaukusanya ule unga kwa ncha ya kidole na kuulamba, kisha anapapasa mkeka kama kuna punje imedondoka.

Nilimkuta akifanya hivyo Desemba ya mwaka juzi, nilipopanda Newala kwa likizo. Mimi ni mwalimu, naishi Mtwara mjini, na kwa miaka kadhaa nilikuwa namtumia hela ya dawa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Niliamini hela ikifika, dawa imefika.

"Mama, daktari alikwambia unywe nusu?"

"Hakuniambia, baba. Aliniambia kimoja kila siku, nisiruke. Ila vikiisha hivi, vingine vinatoka wapi?"

Hela niliyotuma ilikuwa imegawanywa kama hela yoyote inavyogawanywa kijijini. Ilinunua maji, maana Newala juu kule maji ni shida ya tangu enzi. Ilinunua unga na daftari za wajukuu, na nauli ya bodaboda mpaka mjini kwenye duka la dawa. Kilichobaki kikanunua vidonge 20, na vidonge 20 kwa wembe ni siku 40.

Mama ana miaka 68. Anacho kitambulisho cha mzee cha matibabu bure, amekivika nailoni kisiloe. Sera ya nchi inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo asitozwe, sawa na mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano. Ukutani pale zahanati kuna tangazo la kumpisha mzee apate huduma kwanza, na kweli wanampisha, nimeona kwa macho yangu vijana wakisimama ili yeye akae. Lakini kumpisha hakumletei kidonge. Msamaha unamwondolea mzee bei ya kitu kilichopo. Kisipokuwepo, anatumwa dukani, na dukani kitambulisho hakisomwi.

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Malaria inakutetemesha mpaka jirani anajua, jino linakukesha. Presha inakaa nawe kimya, unalima nayo, unabangua nayo korosho, mpaka siku moja unashindwa kushika kikombe. Shangazi yangu ilimkuta hivyo hivyo, asubuhi akipepeta mtama, upande wa kulia ukalegea. Aliishi miaka minne akilishwa na wanawe. Watu walisema amerogwa, na sikuwalaumu, kwa sababu jana yake alikuwa mzima. Ndiyo maana nilipouona ule wembe nilishikwa na hofu ambayo sijaweza kuieleza vizuri mpaka leo.

Kesho yake nikafuatana na mama zahanati. Kijiji sikitaji, kwa kuwa niliyoyaona pale yapo vijiji vingi, na sitaki mtu mmoja abebeshwe mzigo wa wengi. Mganga mfawidhi ni kijana, sidhani kama amefika miaka thelathini. Alimwamkia mama shikamoo, akamfunga mpira wa kipimo mkononi, akapampu, akasoma: 178 kwa 102. Akanyamaza kidogo, akaandika. Kisha akasema maneno ambayo mama alikuwa ameyajua tangu tukiwa njiani.

"Bibi, hizi dawa hatuna. Mtanunua."

Nilimwomba, kwa adabu, anioneshe stoo. Angeweza kukataa. Alichukua funguo mfukoni akafungua.

Ni chumba cha hatua nne kwa tatu, kina harufu ya vumbi la maboksi na spiriti. Rafu ya kushoto imejaa. Kuna dawa za mseto za malaria zimepangwa kwa uzito wa mgonjwa, za watoto wadogo mpaka za watu wazima, na vipimo vya haraka vya malaria. Kuna makopo ya ARV, zile dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, dawa za kifua kikuu, sindano na vidonge vya uzazi wa mpango. Pembeni, friji ya chanjo inayotumia umeme wa jua, ina kufuli na karatasi ya kuandikia jotoridi asubuhi na jioni. Rafu ya kulia ilikuwa na paracetamol, chupa mbili tatu za sharubati ya kikohozi, glovu, na boksi moja la amoksilini lililokwisha funguliwa. Sehemu iliyobandikwa karatasi ya "presha na sukari" palikuwa na mbao tupu.

Kijana akanionesha kwa kidole, kwanza kushoto. "Hizi zina mwenyewe. Zikipungua tu, napigiwa simu: mbona salio lako liko chini, mbona hujaripoti?" Akageukia kulia. "Hizi hazina mwenyewe. Zikiisha, wanaoniuliza ni hawa wa kwenye benchi."

Tangu siku ile maneno hayo yanazunguka kichwani mwangu, na nadhani ndiyo maelezo sahihi kuliko yote niliyosikia kuhusu kwa nini maskini anakosa dawa. Tumezoea kusema dawa ni ghali, au nchi ni maskini, au kuna wizi. Yote hayo yapo. Lakini rafu ya kushoto iko kwenye chumba kile kile, katika nchi ile ile maskini, na imeletwa na barabara ile ile ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Kama ingekuwa haiwezekani kufikisha dawa kwenye zahanati ya uwanda wa Makonde, rafu zote mbili zingekuwa tupu.

Na mimi nakumbuka wakati rafu ya kushoto nayo haikuwa na kitu.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alifariki mwaka 2002. Alikuwa fundi cherehani, kijana wa watu, anaimba akishona. Nyumbani tulisema anaumwa kifua. Alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni, mama akaifunga kwenye pindo la kanga asije akaipoteza. Dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zilikuwa zimeshaanza kuokoa watu Ulaya na Marekani tangu mwaka 1996. Tulizisikia redioni kama tunavyosikia habari za theluji. Matibabu ya mtu mmoja kwa mwaka yaliuzwa kwa dola 10,000 mpaka 15,000 za Marekani. Mjomba alikuwa akishona gauni kwa shilingi elfu moja na mia tano.

Kilichotokea baadaye hakikudondoka kutoka mbinguni, na inaniuma kuona vijana wengi hawakijui. Hataza ni haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasitengeneze kitu chake. India, kwa sheria yake ya hataza ya mwaka 1970, ilikuwa inalinda njia ya kutengeneza dawa bila kuilinda dawa yenyewe, kwa hiyo kiwanda kikibuni njia yake kiliruhusiwa kuitengeneza. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya Mumbai, chini ya Yusuf Hamied, ikatangaza kwamba inaweza kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka matibabu ya mwaka mzima kwa dola 350. Bei ikawa chini ya dola moja kwa siku. Aprili mwaka huo huo, kampuni 39 za dawa zilizokuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini mjini Pretoria kwa ajili ya sheria yake ya kurahisisha kupata dawa za bei nafuu ziliiondoa kesi mahakamani, baada ya wagonjwa wenyewe na watu waliowaunga mkono kujaa barabarani. Miongoni mwao alikuwepo Zackie Achmat, mwenye virusi, aliyekataa kumeza ARV wakati uwezo wa kuzipata alikuwa nao, akisema hatameza mpaka wagonjwa wa hospitali za umma nao wazipate. Novemba ile, mawaziri wa biashara wa dunia wakakubaliana Doha kwamba kanuni za hataza zisizizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Ukafuata Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria mwaka 2002, na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, mwaka 2003. Oktoba 2004 Tanzania ikaanza kutoa ARV bure.

Mjomba alikosa kwa miaka miwili.

Leo dawa ya mchanganyiko ambayo wagonjwa wengi wanatumia, kidonge kimoja kwa siku, Mfuko wa Dunia unainunua kwa chini ya dola 45 kwa mwaka, bei iliyotangazwa mwaka 2023. Watu waligombana mahakamani na barabarani mpaka bei ikashuka, halafu wengine wakalipa, na wengine wakakaa kuhesabu makopo kila mwezi bila kuchoka. Huyo kijana wa zahanati anapopigiwa simu kuulizwa salio, anapokea mwisho wa mstari mrefu ulioanzia kwa wale waandamanaji. Hivyo ndivyo dawa inavyopata mwenyewe.

Sasa nikueleze habari ya jirani yetu, mama mmoja mcheshi anayemsaidia mama kuchota maji. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike ilimradi nisimtaje. Anatumia ARV tangu mwaka 2006. Alipoanza alikuwa anabebwa, leo analima ekari mbili na kusomesha. Siku yake ya kliniki anapimwa wingi wa virusi, anapewa dawa za miezi mitatu hadi sita, bure, anaitwa kwa jina, na asipokuja anatafutwa mpaka nyumbani. Miaka mitatu iliyopita akapatikana na presha. Kwa hiyo siku hiyo hiyo ya kliniki anapokea mfuko wa dawa za virusi mkono mmoja, na mkono wa pili anapokea kikaratasi cha kwenda kununua dawa za presha. Ni mwili mmoja. Aliniambia, "Mwalimu, ukimwi hautaniua tena. Nitakufa na hii nyingine."

Sisemi hivyo ili rafu ya kushoto ipunguzwe. Nimezika mjomba. Na hata hiyo yenye mwenyewe imetikisika: Januari 2025 Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na shirika lake la USAID likafungwa Julai mwaka huo. Wiki zile jirani yetu alikuja kwa mama usiku kuuliza kama mwalimu amesikia lolote. Alikuwa amehesabu makopo yake. Dawa zake hazikukatika, namshukuru Mungu, lakini uso wake ule usiku ulinifundisha kwamba mwenyewe akiwa mbali, siku yoyote anaweza kufunga mlango, na sisi tusiwe na ufunguo.

Nirudi kwenye kidonge cha mama. Kinaitwa amlodipini. Kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, orodha iliyoanza mwaka 1977 na kupitiwa upya kila baada ya miaka miwili, na kimo kwenye orodha yetu ya taifa pia. Hataza yake Marekani ilikwisha mwaka 2007. Viwanda vingi vinakitengeneza, na kwa bei ya jumla duniani ni senti chache za dola. Kwa hiyo lile pambano la Pretoria na Doha, kwa kidonge hiki, limeshapita. Kina ruhusa ya kutengenezwa na yeyote, na bei yake serikali inaimudu. Bado mama anakikata kwa wembe.

Kwa nini? Nilimuuliza yule kijana, akafungua leja.

Leja ya dawa ni daftari kubwa la jalada gumu, kila dawa na ukurasa wake: tarehe, zilizopokelewa, zilizotolewa, salio. Ukurasa wa amlodipini ulikuwa na mistari michache. Vilipokelewa vidonge 200 mwezi wa tatu. Vikatolewa 30, 30, 30, 30, 30, 30, 20. Salio 0. Siku tisa. Halafu mistari mitupu mpaka chini.

"Sasa tazama," akasema. "Wakati wa kuagiza naulizwa: kipindi kilichopita ulitumia ngapi? Natakiwa niandike 200. Maana ndizo nilizotoa."

Sikuelewa mara moja, ikabidi anirudie. Kiasi cha kuagiza kinakokotolewa kutokana na kiasi kilichotumika. Dawa ikiisha siku ya tisa, siku zote zinazobaki haitumiki, kwa kuwa haipo. Kwenye karatasi inaonekana kijiji hakina haja nayo sana. Mwongozo unamtaka azirekebishe hesabu kwa siku ambazo dawa haikuwepo, lakini aliyefundishwa kurekebisha ni mfamasia, na zahanati yake haina mfamasia. Ina yeye, nesi mmoja na mhudumu, na wote watatu wanapima, wanazalisha, wanachanja na kujaza ripoti. Hivyo anaagiza 200 tena, na pengine zinakuja pungufu. Kijiji kinarudi kuandikwa kwamba kinatumia vidonge 200.

Nililala na hesabu hiyo. Mgonjwa anayerudishwa nyumbani mikono mitupu haandikwi popote. Leja inamwandika aliyepewa peke yake.

Wazee wa pale wana kumbukumbu nyingine. Mama anakumbuka "dawa za maboksi" za miaka ya 1980, zilizokuja kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF. Boksi lilifika limefungwa, linafunguliwa mbele ya watu, kila zahanati sawa na nyingine. Raha yake ilikuwa uhakika: mwezi ukifika, boksi limefika. Ubaya wake boksi halikujua kijiji. Kwenye minyoo mingi na kwenye minyoo michache dawa ni zile zile, nyingine zinaoza, nyingine zinaisha wiki ya pili. Ndipo ikaja kuagiza kwa mahitaji, kutoka Bohari ya Dawa iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993, yenye kanda yake hapa Mtwara. Ni mfumo bora, naukubali, kwa sharti moja: anayeagiza ajue mahitaji. Mfumo wa maboksi ulimhitaji dereva tu. Huu unamhitaji mtu wa kuhesabu.

Fedha nazo ni kisa kirefu, nakipitia haraka. Bajeti ya dawa ya serikali ilipanda kutoka shilingi bilioni 31 mwaka wa fedha 2015/16 hadi zaidi ya bilioni 250 mwaka uliofuata, na mtu asiseme hilo ni dogo. Kuna pia mfumo wa mshitiri, maarufu kama Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014: kituo kikikosa dawa Bohari, kinanunua kwa mfanyabiashara mmoja wa mkoa aliyepatikana kwa zabuni, kwa fedha zake chenyewe. Lakini fedha zake chenyewe ni zipi? Ni zile za wagonjwa wanaolipa papo kwa papo na za CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Kwetu kadi hizo watu wanazikata baada ya minada ya korosho, Novemba na Desemba, hela ikiwa mkononi. Wakienda mara mbili wakakuta "mtanunua", mwaka wa pili hawakati. Wasipokata, mfuko wa zahanati unakauka, na mshitiri hampi mtu dawa kwa maneno. Nimewasikia viongozi wakiwasema wananchi kwamba ni wazito wa kujiunga na bima. Mtu ananunua anachokiona rafuni.

Kuna jambo la friji nisingependa kuliruka. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu isimwagike baada ya kujifungua, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na kutokwa damu ndiko kunakoongoza kuua wazazi duniani. Pale zahanati ubaridi upo, umekaa kwenye friji yenye kufuli. Lakini friji ni ya chanjo, ina mwenyewe, na kwa miaka mingi sehemu nyingi duniani wahudumu walielezwa wasiichanganye na kitu kingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, UNICEF na UNFPA, walitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini ihifadhiwe katika mnyororo baridi, na friji za chanjo zinaweza kuihifadhi. Yule kijana ameweka trei yake kwenye rafu ya chini, ameibandika jina kwa plasta. Nesi wake aliniambia kabla ya hapo ilikuwa inakaa kabatini, katika joto la Februari, na walikuwa wanamchoma mzazi sindano bila kujua kama bado ina nguvu. Mwaka 2019 huo huo iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu kabetosini isiyoharibiwa na joto, dawa ya kazi hiyo hiyo, baada ya utafiti uliohusisha karibu wanawake 30,000 katika nchi kumi. Natamani ifike huku.

Wazo la kufanya kitu nililipata shambani, kwenye korosho.

Mtu wa kusini anajua: msimu wa kupuliza, dawa ya mikorosho inagawiwa kwa orodha. Chama cha msingi kina daftari la wakulima. Jina lako lipo, shamba lako lipo, na mikorosho yako imehesabiwa, mmoja mmoja, ndipo unapangiwa mifuko ya salfa. Inachelewa wakati mwingine, watu wanalalamika, mgao unaleta maneno. Lakini hakuna anayemuuliza mkulima mwaka jana ulipuliza mifuko mingapi ili leo apewe hiyo hiyo. Wanaangalia miti iliyopo. Baba mdogo alikuwa ananionesha kadi yake, mikorosho 140, na mimi nikabaki nimeishika mkononi. Miti yote ya kijiji imeandikwa. Wenye presha hakuna aliyewaandika.

Jioni nikamwambia mama. Akaniuliza, "Wewe ndiye utakayewahesabu?" Nikamjibu ndiyo, yeye akinisaidia. Tulianza na wenzake wa chama chao cha kufa na kuzikana. Daftari la shule, kurasa 96, safu tatu: jina, lini alipimwa, anatumia dawa gani. Mama alikuwa na njia yake ya kuuliza ambayo mimi nisingeiweza. Anasalimia, anakaa, anaulizia wajukuu, halafu anatoa kopo lake la Blue Band kwenye pochi na kuliweka chini katikati. "Mimi langu ndio hili. La kwako liko wapi?" Na makopo yakatoka. Mmoja alikuwa na vidonge vya marehemu mumewe. Mwingine alikuwa anakunywa siku ya Ijumaa tu, azitunze. Wawili walikuwa wameacha kabisa, na mmoja wa hao alipopimwa, kijana wa zahanati alimpima mara tatu akidhani kipimo kimeharibika.

Kabla likizo haijaisha tulikuwa na majina 61.

Tulilipeleka daftari kwa mganga mfawidhi, naye akalipeleka kwenye kamati ya afya ya kituo, ambamo wananchi wana nafasi zao kwa mujibu wa taratibu. Alikokotoa mbele yao: watu 61, kidonge kimoja, siku 60 za mzunguko wa kuagiza. Vidonge 3,660. Mjumbe mmoja akauliza kwa mshangao kama hakukosea, maana siku zote ni 200. Akawaonesha leja, kisha daftari. Mwenyekiti akataka majina yasisomwe, yabaki kwa mganga, na hilo lilinifurahisha. Wakakubaliana sehemu ya fedha za CHF iwekwe kwa dawa hizo, zikikosekana Bohari zinunuliwe kwa mshitiri. Mfamasia wa wilaya alipiga simu kuuliza maelezo ya namba ile. Kijana aliniambia ilikuwa mara ya kwanza kupigiwa simu kwa ajili ya rafu ya kulia.

Mzunguko ule walipokea 2,000. Wakawapa kwanza wale wenye vipimo vya juu zaidi, mama akiwemo. Uliofuata wakapokea 3,000. Mvua za masika zikachelewesha gari wiki mbili, na wiki hizo mama alirudi kwenye wembe. Mpaka sasa hajakubali kuutupa. Nimemsihi, akaniambia ataufikiria zikishatimia hesabu za mwaka mzima bila kukatika, na sina neno la kumjibu. Vipimo vyake vya mwisho vilikuwa 146 kwa 88.

Daftari limehamia zahanati, analiendeleza nesi. Watu wanakuja kujiandikisha wenyewe, na wengine wanatoka kijiji cha pili, wamesikia. Wenye sukari wameomba nao wafunguliwe ukurasa. Nilipopanda Jumamosi iliyopita kulikuwa na majina 74 ya presha, na kwenye fomu ya kuagiza, mbele ya neno amlodipini, kijana alikuwa ameandika 4,440.